Wakuu wa Tekoa Wamesimama Kando ya Uwanja

Wengi wetu tukifika sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia tunairuka. Majina matupu, tunasema. Fulani mwana wa fulani alijenga hapa, baada yake fulani mwana wa fulani akajenga pale, na hivyo hivyo mpaka ukuta wa Yerusalemu ukazunguka wote. Hakuna bahari inayopasuka, hakuna moto unaoshuka kutoka mbinguni. Hata sisi wahubiri tunaipita haraka twende sura ya 4, kwenye mapanga na mikuki, maana huko ndiko kuna la kupigia kelele.

Leo nakusihi usiiruke. Isome polepole, jina kwa jina. Yumo Eliashibu kuhani mkuu, aliyeanza na Lango la Kondoo. Yumo Uzieli mfua dhahabu, mtu wa vidole vya kazi ndogo ndogo, sasa amebeba mawe. Yumo Hanania mfanya marashi, ananuka jasho kama wengine. Yumo Shalumu, mtawala wa nusu ya Yerusalemu, na wako naye binti zake, katika zama ambazo binti hakuandikwa kwenye orodha ya kazi yoyote. Yumo Malkiya mwana wa Rekabu, mkuu wa mtaa mzima, na sehemu aliyoangukiwa ni Lango la Jaa, lango la kutolea takataka za mji. Mheshimiwa huyo hakutuma mtu. Alilijenga, akatia milango na makomeo.

Na wamo watu wa Tekoa. Hao walijenga sehemu yao, lakini mwandishi hakuweza kunyamaza, akaongeza kwamba wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ile. Basi. Miaka elfu mbili na mamia kadhaa imepita na aibu ya wakuu wa Tekoa bado inasomwa. Ila shuka mpaka mstari wa 27. Utawakuta watu wa Tekoa tena, wale wale wa kawaida, wanajenga kipande kingine. Wakuu hawakuja, kwa hiyo wadogo walibeba mara mbili.

Ndugu yangu, habari niliyo nayo leo ni ya kile kipande cha pili. Katika kila klabu ya mpira wa watoto mtaani kuna watu waliojenga sehemu yao wakaimaliza, na sasa wanajenga ya kwako.

Nenda Jumamosi saa moja unusu asubuhi kwenye kiwanja chochote cha vumbi hapa Nairobi, Huruma, Kariobangi, Kayole, popote. Utamkuta kijana ameinama na ndoo ya chokaa anachora mstari wa goli. Chokaa ikiisha, atatumia majivu ya jikoni. Mwenzake anaokota vigae vya chupa walivyoacha walevi wa Ijumaa. Mama mmoja anatua furushi la jezi alizofua usiku kwa maji ya kununua mtungi kwa mtungi, pamoja na soksi ambazo hazijawahi kutimia pea. Mzee anafunga neti kwa kamba ya katani. Msichana wa kidato cha tatu ameshika daftari, anaita majina. Kocha anajaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli, na huku anapitisha macho kwenye nyuso za watoto, kwa kuwa anamjua aliyekuja bila kunywa chai, na anajua huyo ndiye atakayeishiwa nguvu kipindi cha kwanza. Atampa mkate. Mkate huo kaununua nani? Sisi wawili tunajua kwamba hukuununua wewe.

Saa tatu mechi inaanza, na hapo ndipo wakuu wa Tekoa wanapowasili. Mikono mfukoni, simu sikioni. Hawajui mtoto wao anavaa njumu saizi gani, lakini wanajua kwamba kocha amepanga kikosi vibaya. Wanapaza sauti: mtoe huyo! Wanamtukana refa, na refa mwenyewe ni kijana wa miaka kumi na saba aliyekuja kwa miguu, ameazima filimbi, na akitoka hapo ana mechi nyingine mbili za kuchezesha. Mtu mzima mwenye ndevu anamwita mwizi mtoto wa mwenzake mbele ya watoto arobaini. Kisha anashangaa kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Nisikilize vizuri. Sina ugomvi na mtu aliye kazini Jumamosi, wala na mama anayeuza mboga tangu alfajiri ili watoto wale. Hao wana ukuta wao. Ninasema na mimi na wewe tunaopata nafasi ya kusimama pale dakika sitini tukiwa na maoni.

Twende Mathare, maana ukutani pale kuna majina.

Mwaka 1987, katika bonde lile, watoto walikuwa wakicheza mpira waliousokota wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba. (Mifuko hiyo serikali iliipiga marufuku mwaka 2017, na kwa ajili ya mito yetu nashukuru, ingawa nashuku hakuna aliyewauliza watoto wataanza kusokota mpira kwa kitu gani.) Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi za mazingira hapa Nairobi, alikubali kuwasaidia kuanzisha ligi, na akaweka sharti: wao wakifanya lao, naye atafanya lake, wakikaa, naye atakaa. Ndivyo ilivyozaliwa Mathare Youth Sports Association, ambayo sote tunaiita MYSA.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama hadithi ya Mzungu mwema. Mimi siisimulii hivyo. Mwache Munro apewe heshima yake, nayo ni kubwa. Lakini mtu mmoja hachezeshi maelfu ya watoto kila wikendi mwaka baada ya mwaka. Waliochezesha ni vijana wa Mathare wenyewe. Waliofundisha ni vijana wa Mathare, waliopanga ratiba, waliohesabu jezi, waliosuluhisha ugomvi wa mtaa huu na ule. Walikuwa wanaishi katika vyumba vya mabati kama watoto waliowafundisha, na wengi wao hawakuwa na kazi nyingine yoyote.

Kisha ona walichokifanya na jaa. Mathare takataka zilikuwa hazizolewi. Mitaro iliziba, maji yakatuama, watoto wakaharisha na kuugua malaria. Vijana wale wakaamua kwamba timu itatoka na koleo na toroli kama inavyotoka na mpira, na usafi utahesabiwa katika msimamo wa ligi. Alama za kuzibua mtaro zikaingia kwenye jedwali moja na alama za ushindi. Timu yenye washambuliaji wakali na mikono mivivu ikajikuta mkiani! Malkiya mwana wa Rekabu angelikuwepo angelia kwa furaha. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu hapo Gigiri, likawapa tuzo ya Global 500, na waliopewa ni watoto waliokuwa wakishika uchafu ambao jiji zima lilikuwa limeugeuzia uso.

Walitunga na kanuni zao. Mchezaji akitolewa kwa kadi nyekundu, hasubiri tu adhabu ipite. Harudi uwanjani mpaka kwanza awe refa katika mechi za watoto wadogo. Tafakari hekima hiyo. Aliyetukana refa anapewa filimbi. Natamani kanuni hiyo ifike kando ya uwanja, kwetu sisi wazazi. Ningependa kuona yule mwenye ndevu anakimbia na watoto wa miaka kumi kwenye jua la saa sita, na mimi nimekaa kivulini namwambia ameona vibaya.

Na wasichana. Mwanzoni ligi ilikuwa ya wavulana, na mapema katika miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa kwa wasichana pia. Mlango wa uwanja ulikuwa rahisi. Mgumu ulikuwa mlango wa nyumbani. Msichana ana mdogo wake mgongoni, ana maji ya kuteka, ana ugali wa kusonga kabla baba hajarudi. Wazazi walihofia usalama wa binti, walihofia watu watasema nini. Kocha wa wavulana hupuliza filimbi wakaja. Wa wasichana hubisha hodi, huketi, huahidi kumrudisha mtoto kabla ya giza, na kesho tena hubisha hodi nyumba ya jirani. Hiyo ni kazi ya kichungaji, nami naisema nikijua uzito wa neno hilo. Nimewaona wachungaji wenye magari makubwa ambao hawajabisha hodi namna hiyo tangu wawekewe mikono.

Matunda? Mwaka 1994 wakaunda Mathare United. Mwaka 1998 ikatwaa Moi Golden Cup, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Timu za watoto zimesafiri kwenda Oslo kwenye mashindano ya Norway Cup na kurudi na vikombe. Nataja vikombe kwa sababu najua mnavipenda, ila navitaja kwa haraka. Kikombe ni cha kumi na mmoja na wa akiba. Hawa wengine elfu hawakwenda Oslo, hawakuingia ligi kuu, na leo ni fundi wa mabomba, ni nesi, ni kondakta wa matatu asiyeiba chenji, kwa sababu Jumamosi moja mtu aliliita jina lao akiwa na daftari mkononi.

Mwaka 2025 tulijaa Kasarani. Mashindano ya mpira ya Afrika, CHAN, yaliletwa nyumbani, nasi tukawafunga Kongo 1–0, tukawafunga Morocco 1–0, tukawafunga Zambia 1–0, tukatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali huku watu wazima wakilia hadharani. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Wapewe! Siwaonei wivu. Lakini niulize: yule aliyemfundisha mchezaji huyo kutuliza mpira kwa wayo, akiwa na miaka tisa, kwenye uwanja wenye mtaro katikati, alikuwa wapi usiku ule? Huenda alikuwa nje ya geti, tiketi zimeisha, anasikiliza kelele na kubahatisha nani amefunga.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa na yule msichana mwenye daftari, kwa maana katika klabu nzima hakuna anayedharauliwa kama katibu. Kocha anapigiwa makofi. Mama wa jezi anaambiwa asante. Katibu anaonekana ni mtu wa kusumbua: leta cheti cha kuzaliwa, leta picha mbili, weka sahihi hapa. Mzazi anaguna. Sasa sikia. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa utotoni, kutoka 12 hadi 15, una fungu lake: robo ya asilimia moja. Mchezaji akiuzwa kwa paundi milioni 1, msimu mmoja aliocheza kwenu akiwa na miaka 13 ni paundi 2,500, yaani zaidi ya shilingi 400,000 za Kenya. Hiyo ni mipira, ni nauli, ni neti mpya, ni uji wa mwaka. Lakini fedha hizo huenda kwa klabu iliyosajiliwa, yenye mchezaji aliyeandikishwa kwa jina lake na tarehe yake. Klabu isiyo na maandishi haikumlea mtu. Kwa macho ya kanuni, yule mtoto alitokea angani akiwa na miaka 18.

Kwa hiyo yule binti anayekufuatafuata kuhusu cheti cha kuzaliwa anajenga ukuta. Na akikataa kupunguza umri wa mwanao ili acheze na wadogo zake, usimwite mwenye roho mbaya. Mtoto wa miaka 15 anayeambiwa aseme ana 12 amefundishwa uongo na mama yake, na kocha akinyamaza amefundishwa mara ya pili.

Sasa niseme lile litakalowaudhi baadhi yenu. Tumegundua njia ya kukwepa kazi hii bila kuonekana tumeikwepa, nayo ni kusifu. Tunasema: kocha, Mungu atakulipa. Tunasema: mama, wewe ni malaika. Tunapiga picha, tunaweka kwenye kundi la WhatsApp, tunabandika mikono ya kusali. Kisha tunarudi nyumbani. Ndugu, ukimwita mtu malaika umemwondolea tumbo, umemwondolea kodi ya nyumba na magoti yanayouma. Malaika hahitaji nauli. Kocha wako anahitaji nauli. Yakobo aliwaonya wale wanaomwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, wasimpe kitu. Nasi tumeugeuza wosia huo kuwa ujumbe wa Jumamosi jioni.

Wala usinijie na hoja kwamba anayejitolea akipewa kitu hajitolei tena. MYSA walilitatua hilo zamani. Kijana anayefundisha, anayechezesha, anayesafisha, hujikusanyia alama za uongozi, na alama hizo hugeuka karo, inayokwenda moja kwa moja shuleni kwake. Hakuna aliyetajirika. Ila kuna waliomaliza shule. Mtaa unaoweza kuchanga kwa ajili ya harusi ya mtu aliyehamia Amerika unashindwaje kumlipia nauli ya matatu kijana anayekaa na watoto wetu kila wiki? Mna chama. Mna kikapu cha kila mwezi. Mna M-Pesa mkononi hivi sasa unaposoma.

Nanyi ndugu zetu Waislamu wa Eastleigh na Pangani, tunaopakana nanyi ukuta kwa ukuta, hampungukiwi mafundisho. Mnaijua sadaka jariya, inayoendelea kumwandikia thawabu mtu akiwa kaburini. Mpira haujali mtoto ametoka msikitini au kanisani, na mara nyingi safu yenu ya kiungo ni bora kuliko yetu. Njooni tujenge mbele ya nyumba zetu, kila mmoja mbele ya yake, kama ilivyoandikwa kwa wengi katika sura ile.

Lakini milango ni sehemu ya ukuta. Nehemia hakujenga mawe tu. Aliweka malango na mabawabu. Si kila anayependa kuwa karibu na watoto anawapenda watoto. Klabu inayoshukuru tu kwamba mtu amejitokeza, isiulize ametoka wapi, inawaacha watoto wazi. Ulizia alikofundisha kabla. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, safari ya mechi za mbali isiwe na mkubwa mmoja tu, na timu ya wasichana iwe na mwanamke anayeaminika kila siku, hata siku ya mvua. Kocha mwema hataudhika kwa kuulizwa. Wa kwanza kuomba ulinzi huo huwa ni yeye, kwa kuwa unamlinda naye pia. Na kwa sababu hii pekee, hata kama usingekuwa na sababu nyingine, mzazi anapaswa kuwepo.

Kuna wakuu wengine wa Tekoa, wale wa kweli kweli. Mwaka 2027 una mambo mawili: Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa AFCON, na sisi Wakenya tuna uchaguzi. Jezi zitanyesha. Zitakuja na sura ya mheshimiwa kifuani na jina la kombe lake mgongoni. Zipokeeni, jezi ni jezi. Ila mwulizeni kabla hajapanda gari: kiwanja hiki kina hati ya nani? Kiwanja cha watoto kikishapigwa uzio wa mabati usiku, na asubuhi kuna shimo la msingi wa gorofa, jezi za bure zitachezewa wapi? Mama wa jezi na kijana wa chokaa hawawezi kukilinda kiwanja peke yao. Hapo ndipo panapohitajika mtu mwenye sauti, anayejua wakili, anayejua ofisi ya ardhi, anayeweza kuandika barua isiyopuuzwa. Mfua dhahabu na mfanya marashi, wito wenu ni huo. Hamkuitwa mcheze.

Basi anza. Ukuta ule wa Yerusalemu ulichukua siku 52, na kazi haikungojea kila mtu awe tayari. Wewe mhasibu, wapelekee saa moja kwa mwezi, uwapangie vitabu vyao vya fedha ili siku mfadhili akiuliza kuna cha kumwonyesha. Wewe nesi, wafundishe kufunga kifundo kilichoteguka, na uwaambie kwamba mtoto aliyegongwa kichwa harudi mchezoni hata akisema yuko sawa, hata kama mnaongozwa. Fundi cherehani, jezi zina matundu. Dereva, gari lako limelala Jumamosi. Mwalimu, yule binti wa daftari ana mtihani mwaka huu; mshikie daftari, akasome. Mzee uliyecheza enzi zako na bado unatusimulia goli lile moja, njoo uwasimulie wao, ukiwa umeshika ndoo.

Na wewe usiyejua lolote, usiye na gari wala taaluma wala fedha, wewe ndiye ninayekutaka zaidi. Njoo Jumamosi hii saa moja unusu, kabla jua halijawa kali. Jitambulishe kwa kocha kwa jina lako, si kama baba wa fulani. Mwambie umekuja kwa ajili ya kile kipande cha pili. Kama hajasoma Nehemia, mwambie tu umekuja kushika kibendera. Mechi ya saa tatu, nina hakika, bado haina mtu wa upande wa kushoto.